Kipande Kilichokungoja India

Basilisa mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, maana nakusikia. Uko jikoni na shangazi zako, na kicheko chako kinapita ukuta hadi hapa stoo nilikojificha na karatasi hizi. Ni alasiri, ng'ombe bado wako malishoni, na nimewaambia watu kwamba nasafisha vifaa vyangu. Nimekalia gunia la pumba, mtungi wa naitrojeni ndio meza yangu. Wakiniita nitaitika kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi.

Barua hii nitampa mumeo Saning'o, na nimemwagiza asikupe mpaka gari lipite Mto wa Mbu, ili usipate nafasi ya kumwambia dereva ageuze. Kwa hiyo unaposoma hapa unajua tayari kwamba sikupanda. Kwenye kiti changu amekaa mama yako. Nitakuwa nimekwambia asubuhi kwamba mguu umenivimba na siwezi kupanda ndege. Mguu wangu ni mzima, mwanangu. Ningeweza kuuchezea ngoma mpaka Rhotia nzima itoke kunitazama. Huo ni uongo wangu wa mwisho kwako, na nimeuchagua uwe mdogo.

Tiketi ina jina la mama yako. Viza ina picha yake, ile aliyonuna kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka. Saning'o ameshughulikia kila kitu wiki hizi mbili, ndiyo maana alikuwa anapokea simu nje. Na lile begi la magurudumu ambalo mama yako amekuwa akilizungusha uani, akikwambia ni mzigo wa baba, ni lake. Nilipomwambia aende yeye, alinitazama kuona kama nimelewa, kisha akaenda kujaribu viatu.

Habari za sweta, za dawa, za kutokunywa maji ya bomba, yeye ameshakwambia mara tatu na shangazi yako Emiliana mara tano. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba vibaya kwa miaka kumi na minne.

Nalisema kwa barua kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Unanijua. Naweza kuingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe, watu thelathini wakitazama, nami nikaendelea kupiga soga. Lakini neno "ovari" mbele ya binti yangu linanikwama kooni. Mara ya mwisho tulipozungumza habari hizi wewe ulisema kila kitu, mimi nikawa naitikia "mhm, mhm" huku natazama paa la banda. Leo nitajitahidi kutazama karatasi.

Siku ya harusi yako ulishika kipaza sauti, ukumbi mzima ukanyamaza, Wambulu upande huu na Wamasai upande ule. Ukasema, "Namshukuru baba yangu. Nilipokuwa mtoto, nikiwa mgonjwa wa kufa, watu wengine walikuwa wanafikiria kesho yangu tu, yeye alifikiria mpaka leo hii. Baba anajua vitu vya baridi. Baba ndiye aliyenihifadhia." Vigelegele vikapigwa. Bibi yako akamshukuru Looaa, Mungu wa wazee wetu, kwanza, ndipo akamkumbuka Bikira Maria. Mama yako alipiga makofi na wenzake. Mimi nikasimama, nikapunga mkono, nikafuta machozi, nikakaa.

Si mimi, Basilisa. Mimi nilikataa. Mama yako ndiye aliyetia sahihi, peke yake, mimi nikiwa nimetoka nje kwa hasira.

Nimeiandika. Nilifikiri kalamu ingegoma.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na inabidi nianzie kwa ng'ombe, kama kawaida ya nyumba hii.

Unakumbuka shuleni walivyokuwa wakiniita Dume la Pikipiki. Ulimpiga mtoto wa mwalimu kwa ajili ya jina hilo, nami nikaitwa shule, nikajifanya nimekasirika. Ukweli nililipenda jina lile. Nilitoka Rhotia mpaka Endabash, nikashuka mpaka Baray kwenye vitunguu na vumbi, mtungi wa baridi kali umefungwa nyuma ya pikipiki, ndani yake mirija ya mbegu zilizogandishwa za madume ambao hawajawahi kukanyaga Karatu. Ndama niliowapata kwa mkono huu sijui idadi yao. Wanawake walinipungia barabarani wakinitajia majina ya ng'ombe zao.

Mwaka mmoja kabla hatujakupeleka India, mzee mmoja wa Nainokanoka aliniita. Alikuwa na mitamba sita mizuri, akataka kuona hayo mambo ya mirija ambayo jamaa zake walikuwa wanayacheka. Wewe hukuzaliwa wakati wa babu zetu, wala mimi, lakini unajua Mmbulu na Mmasai walikuwa wakikutana usiku kwa ajili ya kuibiana ng'ombe. Mmbulu kuitwa mchana kweupe, kwa heshima, akashike ng'ombe wa boma lile! Sikulala kwa furaha. Mitamba ilichomwa sindano ili yote ihitaji dume kwa wakati mmoja, siku ikapangwa, nami nikapandisha mlima.

Lakini mvua zilikuwa zimekata barabara, na gari la naitrojeni kutoka Arusha lilikuwa halijafika kwa wiki mbili. Nilijua mtungi uko chini. Nilijipa moyo kwamba utanifikisha. Nilipofika bomani nikafungua kifuniko, moshi ule mweupe haukutoka. Nikaingiza kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu, hakina hata chembe ya barafu. Mirija yote ilikuwa imeshakufa, pengine siku tatu nyuma.

Mzee alikuwa amesimama pale na wenzake wa rika la Makaa, vijana wameshika mitamba, akina mama wametoka nje na watoto wao. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mtungi wangu umekauka. Wangecheka. Wangesema Mmbulu amepanda mlima na chombo kitupu. Nikavaa glovu. Nikaipandisha mitamba yote sita, mmoja baada ya mwingine, kwa mbegu nilizojua zimekufa, na nikanywa maziwa yao baadaye.

Bila shaka haikushika. Mitamba ikahitaji dume tena, na mzee akaambiwa na wenzake kwamba mtamba asiyeshika hata kwa mbegu ya kizungu basi ni tasa. Mitatu akaipeleka mnadani Karatu, wachinjaji wakaichukua. Nilikuwepo. Nilimnunulia mzee chai, tukazungumza habari za mvua.

Ndiye huyo huyo baba mkwe wako. Nitalifikia hilo.

Basi mwaka uliofuata tukawa India. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umepungua mpaka sketi ya shule inakuzunguka. Saratani ya tezi za limfu waliyokutibu hapa nyumbani ilikuwa imerudi, na madaktari wa kule walisema sasa inahitaji dawa kali kupita zote, halafu watakurudishia uboho wako wenyewe watakaouchota kwanza. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani, na alikuwepo mkalimani wa Mombasa ambaye Kiswahili chake kilitufanya mimi na mama yako tujisikie watoto wa darasa la pili. Daktari akachora kwenye karatasi. Akasema dawa hii itaua ugonjwa, lakini itachoma pia mayai yote yaliyo kwenye ovari za binti yenu. Mwanamke mzima wangeweza kumvuna mayai wakayahifadhi. Msichana mdogo wa umri ule hawezi. Kwa hiyo kabla ya dawa wangeingia kwa tundu dogo, wangechukua ovari moja, wangeikata vipande vyembamba vya tabaka la juu ambamo mayai machanga yamelala, na wangevigandisha. Siku moja, ukiwa mtu mzima na ukitaka mwenyewe, wangevirudisha ndani ya mwili wako, na vikipata damu vinaweza kuamka. Vinaweza. Alilirudia neno hilo, na mkalimani akalirudia.

Nikauliza, "Mnavigandisha kwenye nini?"

Mkalimani akauliza, akanijibu, "Kwenye naitrojeni ya maji, mzee wangu. Ni kitu cha baridi mno, huenda hukijui."

Huenda sikijui! Mama yako alinitazama kwa pembeni. Siku nyingine tungecheka mpaka kesho. Lakini mimi nilikuwa nimeona kijiti kikavu.

Nikauliza, "Nani anapima mtungi?"

Daktari hakuelewa swali. Nikauliza tena: kila siku, kwa miaka kumi, kumi na tano, ni mtu gani anafungua kifuniko na kutazama? Akasema wapo wahusika, na kuna king'ora. Nikasema wahusika nawajua, mimi mwenyewe ni mhusika. Nikasema hamtampasua mwanangu anayekufa ili mkaweke nyama yake kwenye chombo kitakachokauka, mumpe tumaini la bure. Mtibuni apone, hayo mengine ni tamaa. Nilipaza sauti, Basilisa. Ulikuwa umelala kitandani upande wa pili wa pazia. Kisha nikatoka, nikasimama kwenye korido nikitazama mashine ya kuuza soda ambayo sikujua kuitumia.

Niliporudi, karatasi ilikuwa imeshatiwa sahihi. Mama yako, darasa la saba, Yuliana kwa herufi kubwa kubwa. Nilimuuliza, "Umefanya nini?" Akasema, "Nimetia sahihi." Ndiyo yote aliyosema. Sikuzungumza naye siku mbili, na katika siku hizo mbili ulifanyiwa ile operesheni, ukaamka ukaomba embe.

Wewe ulipona. Hilo sitalieleza kwa sababu nikilieleza sitamaliza barua. Ila nitakwambia kwamba siku nywele zako zilipoanza kuota, laini za mtoto mchanga, mama yako alikuwa anakupitisha mkono kichwani na kucheka peke yake kwenye basi, na abiria walihama kiti.

Tulipofika nyumbani nikatoa sharti langu. Nilisema huyu mtoto asiambiwe. Vile vipande ni vya kuhesabu vimekufa. Akikua akijua vipo, halafu siku moja akaambiwa havipo, atavunjika mara ya pili. Mama yako alikuwa amechoka, na mimi ni mbishi, akakubali kwa shingo upande. Lile kovu lako dogo tumboni tukakwambia ni sehemu ya matibabu.

Nilijiambia nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi na kile kijiti.

Ukafika miaka kumi na mitano, nesi wa kliniki akakueleza kwa nini unahitaji vidonge ili uwe mwanamke kama wenzako, na kwamba hutazaa. Ulirudi kwa miguu. Mezani usiku ule ulikula makande yako yote, ukasema, "Mimi basi nitakuwa shangazi wa watu wote." Ukacheka. Mama yako aliweka kijiko chini, akanitazama, akisubiri. Nikasema makande leo yamekolea. Mwanangu, nimefanya makosa mengi, nimeangusha pikipiki, nimegombana na padre, lakini kama ningepewa kurudia sentensi moja tu ya maisha yangu ningerudia ile ya makande.

Saning'o akaja. Nilimpenda tangu siku ile alipoleta wageni wake waone ndama wetu, akawaeleza kwa Kizungu cha madereva wa watalii mpaka ndama akaonekana ni kivutio cha taifa. Nikakuona unavyochelewa kutoka kazini pale lojini siku anazolaza wageni. Halafu ghafla akaacha kuja. Nikasikia ameomba safari za Loliondo ili asipite Karatu. Nikakukuta unakamua huku unalia, nikakuuliza. Ukasema, "Nimemkatalia, baba. Ni mtoto wa kwanza wa kiume kwao. Mimi ni tasa. Simdanganyi mtu."

Tasa. Neno lile nilikuwa nimelisikia mnadani, likisemwa juu ya mitamba mizima isiyo na kosa lolote, kwa sababu mimi nilinyamaza. Na sasa lilikuwa linatoka kinywani mwa mwanangu, kwa sababu mimi nilinyamaza. Unisamehe kukuweka sentensi moja na ng'ombe. Mimi hao ndio ninaowajua.

Mama yako alinikuta nyuma ya banda. Akasema, "Baba Basilisa, utamwambia wewe kabla ya jioni, au nitamwambia mimi usiku, na nikimwambia mimi nitaeleza yote." Nikakwambia. Lakini angalia nilivyokwambia. Nilisema, "Tulihifadhi." Nilisema, "Unajua mimi na mambo ya baridi." Nikaacha maneno yakae yanavyotaka kukaa. Ulikasirika kwa kufichwa, na ulikuwa na haki. Miezi miwili ulipitisha maneno yako kwa watu wengine: "Mama, mwambie baba chai iko tayari," nami niko mbele yako nimeshika kikombe. Mara moja ulimwambia paka. Lakini hasira ilipoisha ukabaki na shukrani, na shukrani ile haikuwa yangu, nami nikaipokea.

Ukampigia Saning'o simu. Alifika kesho yake akiwa hajabadilisha nguo za safari, na kabla hujafungua mdomo akasema kwa sauti ambayo mpaka majirani walisikia, "Mimi nilikuja kwa ajili yako. Watoto ni wageni, wakija tutawakaribisha." Ndipo ukamwambia habari za vile vipande. Sijawahi kuona kijana wa rika la Korianga akikaa chini kwenye matope na shuka lake safi.

Wazee wake walipokuja kuposa, nilimchukua baba yake pembeni. Nikasema siwezi kupokea chochote kutoka nyumba yako kabla sijakwambia habari za ile mitamba. Nikamweleza kijiti, glovu, maziwa. Akaegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo ile mitamba ilikuwa mizuri?"

"Ilikuwa mizuri, mzee."

"Hata ile nyeusi ya kiuno cheupe?"

"Hata hiyo."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilitukana yule mtamba, wewe Mmbulu. Nilitukana yeye mbele ya wenzake." Macho yake yalilowa kwa ajili ya ng'ombe aliyekufa miaka mingi iliyopita, na yangu pia. Kisha akauliza, "Na mtoto wako, naye umemwambia yake?"

"Nimemwambia."

"Basi. Utapanda tena Nainokanoka na mtungi wako. Safari hii nitachungulia mimi mwenyewe."

Akachungulia kweli, moshi ukampiga usoni, akaruka nyuma, na wake zake wakacheka mpaka wakashikana. Mtamba akashika. Yule ndama unamjua, mzee amemwita Yuliana, jina la mama yako, na anakataa kumuuza kwa mtu yeyote.

Unaona basi aibu yangu. Niliweza kumwambia mzee wa watu habari za mitamba, nikashindwa kukwambia wewe habari za karatasi.

Na sitajifanya kwamba niliamka asubuhi moja nimekuwa mtakatifu. Hospitali ilipotuma faili kwa ajili ya safari hii, Saning'o alikwenda kulichapisha pale stationery mjini. Ndani yake kulikuwa na nakala ya ile karatasi ya ruhusa. Aliiona sahihi. Akaitenga peke yake kwenye bahasha, akaja hapa stoo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Baba, hii nadhani ni ya wewe kumpa Basilisa." Akatoka, akaenda kumsaidia bibi kushusha magunia. Mwanaume huyo umempata, shikamana naye.

Mwenye stationery naye akanifumbua macho. Nilipokwenda kumlipa, aliniambia barua za hospitali hiyo anazijua siku nyingi. Akacheka. Kumbe kila Januari, kwa miaka yote hiyo, hospitali ilikuwa inaandika kuuliza kama bado tunataka vipande vihifadhiwe. Na kila Januari, siku ya mnada, mama yako alikuwa anaingia pale na kapu lake la mayai, anasimama nyuma ya kiti cha kijana wa kompyuta, na kumwambia aandike: "Ndiyo. Endeleeni. Na mnijulishe kama mtungi uko salama." Kila mwaka sentensi hiyo ya mtungi. Nilipokuwa nimeshavizika vile vipande moyoni, yeye alikuwa anapima. Mimi nilidhani anachelewa mnadani kwa umbea.

Bahasha nimeiambatanisha na barua hii. Itazame ile sahihi. Herufi ya mwisho imepanda juu kidogo.

Sasa kuhusu kinachokungoja. Daktari amekwambia mwenyewe kwenye simu, ya kwamba operesheni ni ndogo, kwamba wataviweka pale ilipobaki ovari nyingine, kwamba inachukua miezi kujua kama vimeamka, na kwamba kuna wanaopata mtoto na kuna wasiopata. Nami nimekaa na vitu vilivyoganda maisha yangu yote, na nakwambia anasema kweli. Nimeona mrija mzuri, mtungi uliojaa, mkono uliotulia, na bado hakuna ndama. Hakuna mtu aliyekosea. Haikushika tu. Ikiwa hivyo, Basilisa, utarudi nyumbani tukulishe mpaka uchoke, na hakuna mtu katika boma lolote, lao wala letu, atakayelitamka lile neno nikiwa hai. Baba mkwe wako ameshasema atamchapa fimbo wa kwanza. Mimi nitamshikilia.

Lakini sitakudanganya kwamba sitaki wajukuu. Nawataka vibaya mno! Nimeshawaona, nusu Wambulu, nusu Wamasai, wanakwenda usiku kuiba ng'ombe kwa babu mmoja na kuwaficha kwa babu mwingine. Nimeshachagua ndama wa kuwapa. Leo asubuhi nilijikuta naimba huku nazoa samadi, shangazi yako akaniuliza kama nina homa. Nina furaha, mwanangu, ndicho nilicho nacho. Mtoto tuliyempandisha ndege akiwa hawezi kubeba hata mto wake, kesho anapanda kwa miguu yake, na mumewe, kwa hiari yake, akaulize mwili wake una nini cha kumpa. Hata mwili ukijibu hapana, furaha hii nimeshaila.

Uliponiomba niende nawe, ulisema, "Baba, wewe unajua mambo ya mtungi, nikiwa na wewe sitaogopa." Nilikaribia kufa kwa fahari. Na ndicho kilichonimaliza, maana ungekwenda kulala kwenye kitanda kile ukimshika mkono mtu aliyetoka nje. Siwezi kukufanyia hivyo mara mbili. Anayestahili kusimama pale ni yule aliyebaki ndani.

Nakusikia unaniita. Unauliza kama nimekula. Nimeitika kwa ile sauti ya mtu mwenye kazi, na umecheka, kwa hiyo nadhani umenijua.

Kitu kimoja sikijui mpaka leo. Mimi nilikuwa kwenye korido na ile mashine ya soda. Sijui mama yako alimwambia daktari nini baada ya mimi kutoka. Mkalimani alipotoka mle chumbani alikuwa analia, nami nilikuwa na hasira mno kuuliza, na baadaye nikawa na aibu mno. Hajawahi kunieleza. Lakini wewe atakueleza, maana maneno yale yalisemwa kwa ajili yako. Amekaa hapo pembeni yako, nadhani anajifanya anatazama dirishani na hajui unasoma nini. Kunja karatasi sasa, mwanangu, umwulize.

Baba yako